Duara letu linatoa maji mekundu: tununue mtambo wa kuchopoa shaba?

SWALI: Mimi ni katibu wa kikundi cha wachimbaji wadogo wilayani Misungwi. Ndani ya leseni yetu kuna duara la zamani, yaani shimo la kuchimbia dhahabu, lililojaa maji. Tangu masika ya mwaka jana yanafurika, mekundu kama kutu, yanapita kando ya rundo la magwangala (mawe taka ya mgodi) na kuingia kwenye kijito kinachoelekea Ghuba ya Mwanza. Tumepima: pH (kipimo cha tindikali; namba ikiwa ndogo, tindikali ni kali) ni 2.9, na kila lita ina miligramu 180 za chuma, 40 za alumini, 12 za shaba, 9 za zinki, 6 za manganizi na 0.4 za arseniki. Ndoo ya lita 20 inajaa kwa sekunde 25. Sasa amekuja muuzaji wa mtambo unaochopoa metali kwa kemikali iliyochanganywa na mafuta ya taa. Anasema maji yatatoka safi na shaba italipa gharama yote. Wenzangu wako tayari kuchanga. Tena matanki yetu ya sayanaidi ya kuchenjulia dhahabu yako jirani, na tumefikiria maji yote yaingie kwenye mtambo huo mmoja. Tufanyeje?

JIBU: Dada Katibu, naanza na sentensi yako ya mwisho, maana hiyo inaweza kuua mtu kabla hamjatoa hata shilingi.

Maji ya duara na maji ya sayanaidi yasikutane. Yasikutane kwenye mtambo, wala bwawani, wala kwenye mtaro mmoja. Unajua mnavyotia chokaa au kostik (soda kali) kwenye matanki ili pH isishuke chini ya 10. Sababu yake ni kwamba pH ikishuka chini ya 9.2, zaidi ya nusu ya sayanaidi huru ndani ya maji inageuka kuwa ile hali inayoruka hewani kama gesi ya sumu. Ikifika 2.9, ambayo ndiyo pH ya duara lenu, karibu yote imegeuka. Gesi hiyo huchemka kwenye nyuzi 26 za Selsiasi, joto la mchana wa kawaida kabisa huko Misungwi. Kuna watu wanaoisikia harufu yake na kuna wasioisikia kabisa, kwa hiyo pua isiwe kipimo chenu. Leo hii, kabla ya kikao chochote, tembeeni mkaangalie kama mvua kubwa inaweza kuyafikisha maji ya duara kwenye matanki au kwenye marudio yenu, yale mabaki ya mchanga uliokwishachenjuliwa. Kama inaweza, chimbeni mtaro wa kuyakinga na muinue tuta. Maji ya sayanaidi yana usafishaji wake: yanabaki na pH ya juu kwenye bwawa lenye karatasi ya plastiki chini, kisha sayanaidi inavunjwa kwa kemikali kama haidrojeni peroksaidi, chini ya usimamizi wa mtu anayeijua kazi hiyo. Hayo ni mazungumzo ya siku nyingine.

Sasa duara. Ule wekundu unatokana na pairaiti, yale mawe yenye kumetameta kama shaba mpya ambayo humdanganya mchimbaji mgeni. Ni chuma na salfa vilivyoshikana. Yakiwa chini ya ardhi, mbali na hewa, hukaa mamilioni ya miaka bila kumdhuru mtu. Tukiyavunja na kuyamwaga juani, hewa na maji vinayageuza kuwa tindikali ya salfa na chuma kilichoyeyuka. Kuna bakteria wanaoishi kwa kula chuma hicho, na wao huikimbiza kazi hiyo mara nyingi zaidi. Tindikali ikishapatikana, inayeyusha kila inachokigusa mwambani: shaba, zinki, alumini, manganizi. Arseniki nayo inatoka humo humo, kwa kuwa miamba ya dhahabu ya Kanda ya Ziwa mara nyingi huibeba. Miligramu 0.4 kwa lita ni mara 40 ya kiwango cha 0.01 ambacho Shirika la Afya Duniani linapendekeza kwa maji ya kunywa. Kwa macho yangu hiyo ndiyo namba nzito kuliko zote kwenye cheti chenu cha vipimo, ingawa imeandikwa mwisho na kwa tarakimu ndogo.

Na ndiyo namba ambayo mtambo wa muuzaji hautaigusa.

Nikueleze unavyofanya kazi, kwa sababu teknolojia yenyewe ni ya kweli. Kuna kemikali ambazo molekuli yake ina upande mmoja unaoshika shaba na mkia mrefu unaopenda mafuta. Unaiyeyusha kwenye mafuta ya taa, unakoroga mafuta hayo na maji yenye shaba kwa dakika chache, halafu unaacha vitulie. Mafuta yanapanda juu yakiwa yameshika shaba, maji yanabaki chini. Mafuta unayapeleka kwenye tanki jingine lenye tindikali kali ya salfa, ambako yanaiachia shaba na kurudi kazini. Ile tindikali yenye shaba unaipitishia umeme, na shaba safi inaganda kwenye bamba. Kiwanda cha kwanza cha shaba cha namna hiyo kilianza Arizona, Marekani, mwaka 1968, na mwaka 1974 wenzetu wa Nchanga, Zambia, walianzisha kikubwa cha kutoa shaba kwenye tope la zamani la mgodi. Hadi leo sehemu nzuri ya shaba ya dunia hupatikana kwa njia hiyo.

Lakini hao huanza na maji yenye gramu za shaba kwa lita. Ninyi mna miligramu 12.

Tupige hesabu pamoja. Ndoo ya lita 20 kwa sekunde 25 ni lita 0.8 kwa sekunde, kwa siku nzima ni kama mita za ujazo 69. Zidisha kwa miligramu 12: gramu 830. Hiyo ndiyo shaba yote iliyomo, haijatimia hata kilo moja kwa siku, na hakuna mtambo unaochopoa yote. Upande wa pili, kila unapokoroga mafuta na maji, matone madogo ya mafuta hubaki ndani ya maji yanayotoka. Hata viwanda vyenye wahandisi wa kulinda jambo hilo usiku na mchana hupoteza miligramu makumi kadhaa kwa lita. Chukua 50. Kwa mita za ujazo 69 ni karibu kilo tatu na nusu za mafuta ya taa na kemikali kila siku, zikiingia kwenye kijito mlichotaka kukiponya. Mtakuwa mmetoa chini ya kilo moja ya shaba na kuweka kilo tatu na nusu za kitu kingine. Na mafuta hayo ni ya kununua.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi, labda na wao hawalijui. Kemikali inaposhika chembe moja ya shaba, inaachia haidrojeni mbili ndani ya maji. Haidrojeni hiyo ndiyo tindikali. Kwa kiasi chenu cha shaba pH itashuka kutoka 2.9 hadi karibu 2.8. Maji yatatoka makali zaidi kuliko yalivyoingia, na bado yana karibu chuma chote, alumini yote, manganizi yote, arseniki yote. Kuchopoa shaba ni kazi ya kuchagua: kemikali inachukua kile ilichotengenezwa kukichukua na kuacha vingine vipite. Kusafisha maji ni kazi ya kuondoa kila chenye madhara, kiwe na soko au kisiwe nalo. Ni kazi mbili tofauti, na muuzaji amewauzia moja kwa jina la nyingine.

Niliwahi kuonyeshwa jaribio la aina hii. Chupa ya kioo, maji ya buluu, mafuta yakamiminwa, chupa ikatikiswa, na baada ya dakika mbili maji yakawa meupe kabisa. Watu wakapiga makofi. Maji yale ya buluu yalikuwa salfeti ya shaba ya dukani, haina chuma wala arseniki. Kwa hiyo mwambieni muuzaji afanye jaribio kwa maji ya duara lenu, mbele yenu, kisha maji yatakayotoka myapeleke wenyewe maabara yapimwe pH, chuma, arseniki na mafuta. Maji yenye chuma kingi na vumbi la mwamba huwa yanatengeneza utando mzito kama mtindi kati ya mafuta na maji, na hapo mafuta hayatengani tena vizuri. Mtauona kwa macho.

Pengine mtu atawaambia kwamba kwingine shaba ya maji ya mgodi hulipa. Ni kweli, ikiwa nyingi. Huko Butte, jimbo la Montana, Marekani, kuna shimo kubwa la shaba liitwalo Berkeley Pit. Pampu zilizimwa mwaka 1982, shimo likajaa maji yenye pH ya karibu 2.5, na mwaka 1995 mabata bukini zaidi ya 300 waliotua humo walikufa. Shaba ya pale ni nyingi kuliko yenu kwa mbali, na kwa miaka kadhaa waliitoa kwa kuyapitisha maji juu ya vyuma chakavu: chuma kinayeyuka, shaba inaganda mahali pake. Lakini ilipofika kazi ya kusafisha, mwaka 2003 walijenga kiwanda cha chokaa.

Chokaa, dada yangu. Ile ile ya mifuko mnayotia kwenye matanki.

Chokaa inafanya kazi kwa ngazi. Ukiitia polepole na kupandisha pH, metali zinaanguka moja baada ya nyingine. Chuma kilichokwishapata hewa, kile chekundu, kinaanza kuganda pH ikipita 3 na kinakwisha kabla ya 4 au baada yake kidogo. Alumini inafuata karibu na 5. Shaba kati ya 6 na 7. Zinki inasubiri hadi karibu 9. Manganizi ni ngumu, inataka 10. Na arseniki haina ngazi yake: inaning'inia kwenye chuma. Chuma kinapoganda kuwa yale mabonge mekundu, arseniki inanata juu yake na kuzama nacho. Ili inate vizuri inafaa chuma kiwe angalau mara 20 ya arseniki kwa uzito. Ninyi mna mara 450. Ule wekundu unaowatia hofu ndio utakaowatolea sumu, mkiukamata mahali mnapotaka ninyi badala ya kuuacha uende kutulia ziwani.

Kwa hiyo ningejenga vyumba viwili. Cha kwanza mpandishe pH hadi 5 au 5.5, mkoroge, maji yaende bwawa la kwanza: chuma, alumini na arseniki vizame humo. Cha pili mpandishe hadi 9, shaba na zinki zizame bwawa la pili. Mkiona fedha haitoshi kwa vyumba viwili, kimoja cha kupandisha moja kwa moja hadi 8.5 au 9 kitawafaa, mradi msipitilize. Watu hudhani chokaa ikizidi ndiyo usafi unazidi. Hapana. Alumini iliyokwishaganda huyeyuka upya pH ikipanda sana, na arseniki hulegea kwenye chuma. Manganizi ya miligramu 6 nisingeifukuza hadi 10 kwa sababu hiyo. Bwawa la mwisho liwe pana na la kina kifupi, maji yapumue na pH ishuke hadi kati ya 6.5 na 8.5 kabla ya kugusa kijito.

Kiasi cha chokaa nimekipiga kutokana na cheti chenu: kama gramu 0.6 kwa lita ikiwa chokaa ni safi na imekorogeka yote. Kwa siku ni kilo 41 hivi. Chokaa ya dukani si safi yote na mkorogo haukamiliki, kwa hiyo wekeni mifuko miwili hadi mitatu ya kilo 25 kila siku. Ni gharama, sikufichi. Lakini msinunue hata mmoja kabla ya jaribio la ndoo. Chukueni ndoo tano za lita 20 za maji ya duara. Pimeni kwa mizani ya dhahabu, nayo mnayo, chokaa gramu 6, 9, 12, 15 na 18. Kila moja ikorogwe kwanza na maji safi kidogo iwe kama maziwa, kisha imiminwe kwenye ndoo yake na kukorogwa robo saa. Acheni saa moja. Pimeni pH ya maji ya juu, na yale yaliyokaribia 9 pelekeni maabara. Vaeni miwani ya kazi. Chokaa ikiingia jichoni inaunguza, na ndoo ya maji safi ya kunawia iwe karibu kabla hamjafungua mfuko.

Angalieni pia rangi ya maji yanapotoka tu kwenye mdomo wa duara. Yakitoka meupe na kugeuka mekundu mbele ya safari, mna chuma ambacho bado hakijapata hewa, na hicho hakigandi hadi pH ipite 8. Yapeni maji hewa kwanza: yaangusheni kwenye ngazi za mawe kabla ya bwawa, halafu endeleeni kuyapa hewa baada ya chokaa, kwa sababu pH ikiwa juu hewa inakigeuza chuma ndani ya dakika, na ikiwa 3 inachukua muda mrefu mno.

Najua kijijini mtasikia ushauri wa bure. Mmoja atasema mwage mawe ya chokaa mtaroni yafanye kazi yenyewe. Kwa maji yenye chuma kiasi hiki, mawe hayo yatavikwa ganda la kutu ndani ya muda mfupi na tindikali itapita juu yake bila kuyagusa. Mwingine atasema mafunjo ya kando ya ziwa yatayasafisha. Mafunjo ni rafiki mzuri wa ziwa, lakini kwa maji yaliyokwishapita kwenye chokaa. Ukiyapelekea maji ya pH 2.9 utayaua, na humo ndimo samaki wengi wadogo wanakojificha.

Jambo linaloangusha miradi mingi ni tope. Kwa namba zenu nakadiria kilo 35 hivi za tope kavu kwa siku, lakini linatoka likiwa maji matupu, zaidi ya mita moja ya ujazo kila siku. Bwawa la urefu wa mita 10, upana wa 7 na kina cha 1 linashika maji ya siku moja tu, na litajaa tope mapema kuliko mnavyodhani. Jengeni mawili mawili, moja likifanya kazi jingine likauke. Sehemu ya tope la zamani mnaweza kulirudisha kwenye chumba cha chokaa. Tope linalozungushwa hivyo huwa zito, linatulia haraka na kuchukua nafasi ndogo zaidi. Lililokauka liwekwe kwenye shimo lililotandikwa, lifunikwe, na lisikae karibu na tindikali. Ikigusana nalo itayeyusha kila mlichokikamata, arseniki ikiwemo. Msilirudishe dua­rani, na msikubali mtu alichukue kufyatulia matofali.

Lakini kila mfuko wa chokaa mtakaoupunguza utapunguziwa kwenye lile rundo la magwangala. Maji ya mvua yanayotoka juu ya kilima yazungushwe kwa mtaro yasiliguse kabisa. Rundo lenyewe mlisawazishe na kulifunika kwa udongo mzito ulioshindiliwa. Udongo wa mbuga unaziba vizuri ukiwa na unyevu, ila kiangazi unapasuka nyufa za kuingiza mkono, kwa hiyo juu yake tandazeni udongo wa kawaida na mpande nyasi, uhifadhi unyevu. Mkiweza kufanya hivyo kabla ya vuli, fanyeni. Wakati wa kiangazi tindikali inakauka juu ya mawe kama chumvi, na mvua za kwanza za vuli zinaiosha yote kwa mkupuo. Siku hizo maji yatakuwa mabaya kuliko cheti chenu kinavyosema, na wakati wa masika yatakuwa mengi kuliko ndoo yenu ilivyopima. Mabwawa yapimwe kwa siku hizo mbili.

Upo ukweli mmoja kuhusu Ziwa Victoria unaonifanya niandike kwa urefu huu. Mto unaotoka humo ni mmoja tu, Nile pale Jinja, na tone linaloingia hukaa humo wastani wa miaka zaidi ya ishirini. Ghuba ya Mwanza ni nyembamba na inaingia ndani sana, kwa hiyo maji yake hayachanganyiki upesi na ziwa kubwa. Na jiji la Mwanza linanywa kutoka kwenye ziwa hilo.

Kwa upande wa sheria, Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali za Maji ya mwaka 2009 inawataka muwe na kibali cha kutiririsha majitaka, na ofisi ya kuanzia ni Bodi ya Maji ya Bonde la Ziwa Victoria, ipo hapo Mwanza. Nendeni wenyewe na cheti mkononi kabla hamjaitwa.

Cheti hicho hakina zebaki, risasi wala salfeti. Ombeni viongezwe, hasa zebaki kama mwalo, yaani mahali pa kuoshea dhahabu, uko upande wa juu wa kijito, kwa kuwa chokaa peke yake haiaminiki kwa zebaki. pH mpime pale pale duarani, isisubiri safari. Maji ya chupa ya kupimia metali yachujwe na kutiwa tindikali ya naitriki ambayo maabara itawapa, la sivyo chuma kitaganda njiani na kubeba arseniki kwenye kuta za chupa, nanyi mtaletewa namba nzuri za uongo. Chukueni sampuli tatu: mdomo wa duara, chini ya magwangala, na kijito hatua mia moja baada ya kuungana.

Wakati huo wote kijito kiwekewe miiba na kibao pale watoto wanapochunga na akina mama wanapochota, na watu wa kaya za chini waambiwe kwa mdomo, nyumba kwa nyumba. Majibu ya maabara na ya ndoo tano yakitoka, niandikie namba zake pamoja na sekunde za kujaza ndoo siku ya mvua kubwa, nikupigie hesabu ya ukubwa wa mabwawa.